Kutenganisha

Tulipofika Ruwi jua limeshaanza kulamba lami,
nyuzi arobaini na sita,
na Ghalib anatembea kama bwana harusi.
Nimemjua miaka kumi na tisa.
Mwendo ule kanionyesha mara mbili tu.

Dukani Sajeevan anamweleza kwa Kiarabu cha Malabari,
mikono miwili hewani:
huyu kazi yake kufikiri,
huyu kazi yake kubeba.
Ghalib ananigeukia, ananitafsiria
kana kwamba mie nilikuwa nje:
"Ile risiva yetu, mke wangu, ni mshika mawili."
Mawili? nikamwambia. Hesabu vizuri.

Maana ile risiva vumbi lake nalifuta mimi.
Boksi jeusi chini ya televisheni,
tangu nyumba ya kupanga mpaka hii yetu ya Alkhudhi,
likipokea picha, likichambua sauti,
likiwagawia spika saba, likisukuma, likihema,
na mgongo wake moto, unaweza kuumulia unga wa maandazi.
Ijumaa moja nilijaribu. Ukaumuka.

Na mama mkwe, Bi Zuwena, kwenye kiti chake cha pembeni,
tamthilia ya Kimisri imepamba moto:
"Ongezeni!"
Tukiongeza, linakata.
Kimya. Taa nyekundu inapepesa.
Eti linajilinda.
Nikaenda jikoni nikicheka peke yangu:
laiti nami ningekuwa na taa nyekundu.

Bei siisemi. Jokofu letu linaijua.

Wakavileta viwili.
Prosesa, jembamba, lina kioo na maneno,
limekaa juu kama karani.
Na amplifaya: watu wawili kuliteremsha,
zito kama mbuzi wa Idi,
uso mtupu, kitufe kimoja, basi.
Baina yao nyaya za pini tatu,
kila spika na wake.
"Sasa hakuna anayemwingilia mwenziwe,"
anasema Ghalib, amepiga magoti sakafuni
kama anayewapatanisha.

Kisha kupima chumba.
Kiyoyozi kizimwe. Feni izimwe. Watoto wasiheme.
Maikrofoni ndogo, kichwa kama cha karafuu,
inahamishwa kiti hadi kiti,
na mlio unazunguka kuta, fiuuu, fiuuu,
jasho linatutiririka uti wa mgongo.
Ilipofika zamu ya kiti cha pembeni
Bi Zuwena akakataa kuinuka.
"Hicho kidude kikae kwingine.
Masikio ya kiti hiki ni yangu."
Ghalib akaishika maikrofoni begani kwa mamaake
kama kasuku, dakika nzima, hatikisiki.
Mashine ikapima, ikakubali.

Usiku, tamthilia.
Mwanamke amesimama nyuma ya mlango, anaulizwa, anasema hajui.
Bi Zuwena akainamia mbele.
"Punguzeni."
Tukatazamana.
"Punguzeni, nasema. Huyu kameza mate kabla ya kujibu.
Anaongopa."

Miaka yote ile tunamwongezea,
kumbe hakutaka kelele.
Alitaka yale mate.

Nilikwenda stoo kutafuta mchele.
Risiva iko juu ya gunia, waya umefungwa kiunoni.
Nikaigusa mgongo kwa mazoea, nikiondoa mkono haraka,
nikaurudisha.
Baridi.
Miaka kumi na mmoja sijapata kuikuta baridi.
Nikakaa nayo kidogo. Kesho zamu yangu hospitali saa kumi na mbili,
kisha skuli, kisha chungu, kisha vidonge vya Bi Zuwena,
na hayo yote yanatoka boksi moja.

Nikarudi sebuleni. Ghalib bado anang'ara.
"Umeona? Kila mmoja na kazi yake."
"Nimeona," nikasema, nikakaa, nikanyoosha miguu.
"Na humu ndani, wewe utakuwa yupi?
Wa kufikiri, au wa kubeba?"

Alifikiri.
Halafu akainuka, akakusanya vikombe,
vyote kwa mkupuo, ubingwa huo,
akaelekea jikoni.
Kimoja kikaanguka.
Nilikisikia mpaka kipande cha mwisho
kilipoacha kuzunguka.
Sikugeuka.